Mama wa Leso ya Kijani

Baba,

Bado sijazoea kuandika bila wewe kunikatia sentensi ya kwanza. Lakini leo nina neno nawe, na usinizungushe vile ulizoea.

Mhariri wako wa Kitale anataka kukusanya makala zako za filamu ziwe kitabu. Mimi ndiye nimepewa kuhakikisha kila kitu ni kweli. Nikafika kwa ile inayopendwa zaidi: mama wa leso ya kijani, ndani ya ukumbi wa video Kamukuywa, analia pale jamaa kwenye filamu anaporudi kwa mkewe baada ya miaka, halafu anasema, "Huyo afungiwe tu nje." Si uliniambia habari huandikwa hivyo? Mtu kwanza, na sauti yake, maoni yako yangoje.

Nilienda Kamukuywa, Baba. Dijei aliyekuwa akitafsiri filamu pale bado yuko. Akanicheka bana! Ati mle hakuna mama aliyewahi kuingia, ni vijana watupu na miraa yao. Nikarudi nyumbani. Nikaanza kushuku kila kitu chako, yule mzee wa Bokoli uliyesema alikoroma hadi filamu ikaisha, hata vile uliniambia hospitalini Bungoma, siku zako za mwisho, ati huna maumivu.

Jumapili nikamsomea Mama hiyo makala, hapa Kiminini. Kumbe hukuwahi kumsomea! Akaingia chumbani, akatoka na leso ya kijani imepauka. Akasema filamu hiyo mliitazama hapa sebuleni, wiki ile ulirudi baada ya kutupotelea Nairobi. "Na siku hiyo nilikuwa naangalia babako, si televisheni."

Nimekukasirikia, Baba. Ulimtoa kwa kiti chake ukamketisha na watu asiowajua, ndio wewe usionekane. Watu wakakusifu kwa machozi uliyoyaleta mwenyewe. Na bado nakukosa, hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Pumzika sasa. Makala itatoka, Mama amekubali, lakini nakuahidi nitamrudisha sebuleni kwake, na wewe nikuweke hapo kando yake. Halafu nitaongeza ile sentensi uliyoiacha: kwamba wewe alikufungulia mlango.

Binti yako