Kaunta Fupi

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumehamisha jiko. Masufuria, sahani, kinu, mtungi wa gesi — vyote viko sebuleni, na vingine viko juu ya meza ninayosomea. Kitabu changu cha historia kimebanwa kati ya chumvi na chupa ya mafuta. Baba amesema tunakarabati jiko na chumba cha kufulia, sisi wenyewe, hakuna kuita fundi. "Tunaweza," akasema. Baba! Mtu ambaye akipigilia msumari wa kalenda, nusu ya plasta inashuka nao.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema nyumba imezeeka. Lakini nyumba hii aliijenga babu, imezeeka tangu sijazaliwa. Bomba la jikoni linadondosha maji miaka nenda rudi, Mama amelifunga kitambaa, na hakuna aliyewahi kuona haraka.

Na Mama mwenyewe hayupo. Hilo ndilo linalonikera. Tangu aanguke kwenye ngazi kule alikopelekwa kikazi, yuko kwa Mama Mkubwa, dada yake, karibu na hospitali. Anauguza mguu. Nikiuliza anarudi lini, Baba hujibu "karibuni" na kuangalia pembeni. Sasa mtu anavunjaje jiko la mgonjwa wakati mwenyewe hayupo?

Nilitaka kumuuliza hivyo hivyo. Lakini mimi swali la kwanza hutoka, la pili hukwama. Shingo inawaka moto, nasema "haya", naondoka. Ndiyo maana naandika.

Jumapili, 5 Mei

Mjomba amekuja na grenda ya kukatia vigae na tindo mbili, na mdomo wake. "Profesa! Weka kitabu chini, leo tunasoma ukuta." Yeye ni mdogo wake Mama na ndiye pekee kati yetu anayejua kazi ya ujenzi.

Tumebandua vigae vya zamani. Nyuma yake kuna rangi ya kijani, na nyuma ya kijani kuna ya bluu. Vumbi kila mahali, hata kwenye kope. Nilikuwa nimeanza kufurahia. Halafu Baba akateremsha makabati ya juu.

Nikauliza tutayarudisha lini. Hayarudi. "Siku hizi watu hawaweki makabati juu," akasema.

Watu gani? Mama ndiye anayeweka! Mama ni mrefu kuliko Baba, na biskuti nzuri huzificha kabati la juu kabisa kwa sababu ni yeye tu anayelifikia bila kupanda kitu. Pakiti moja ilikuwepo bado, imefunguliwa, imefungwa kwa mpira. Baba ameishika muda mrefu, akaitia mfukoni. Hakunipa hata moja.

Sijaipenda hii.

Jumatano, 8 Mei

Leo ni siku ya ajabu.

Nimetoka shule nikakuta Mjomba amejenga kaunta. Safi, imenyooka, kiputo cha pimamaji kimetulia katikati. Alikuwa anapiga mluzi. Nikamsifu, akasema, "Umeona, Profesa? Hii hata ukicheza ngoma juu yake, haitikisiki."

Baba akarudi kazini. Akasimama mlangoni, tai bado shingoni. Hakusalimia. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, umejenga kimo gani hiki?"

Mjomba akaacha mluzi. Akajitazama kiunoni, akatazama kaunta, akafunika uso kwa viganja. "Mkono umezoea, shemeji. Nisamehe. Mkono umezoea tu."

Basi Baba akachukua nyundo. Na tai yake! Akavunja ile kaunta ambayo saruji yake haikuwa hata imekauka. Mjomba akamsaidia. Nilipopita na ndoo nikaona Mjomba anajifuta macho. "Vumbi," akasema. Saruji ilikuwa mbichi. Saruji mbichi haina vumbi.

Ushahidi mpaka sasa: (1) wanajua kitu. (2) Mimi sijui. (3) Kitu chenyewe kina kimo.

Jumamosi, 11 Mei

Kaunta mpya imesimama. Ni fupi! Inanifika juu kidogo ya paja, na mimi si mrefu. Nimeosha kikombe changu nikiwa nimeinama kama anayetafuta sindano. Na chini yake ni wazi — hakuna kabati, hakuna droo, miguu miwili tu mwisho huku na mwisho kule. Sinki lenyewe ni jembamba, halina kina. Sufuria kubwa ya Mama haiwezi kulala humo.

Nikasema, "Mjomba, hii ni fupi."

"Wewe ndiye unarefuka, Profesa. Punguza kusoma."

Kwa kawaida ningecheka. Yeye mwenyewe hakucheka.

Mchana wamevunja kizingiti cha kwenda chumba cha kufulia, halafu wakapanua mlango wenyewe. Upana wa kupita ng'ombe. Nikauliza ni wa nini. Baba: "Mashine mpya ya kufulia ipite." Lakini mashine ya zamani ilipita, na ilikuwa kubwa kuliko hiyo anayosema.

Nimefikiri siku nzima, na nimefika mahali nisipopenda kufika. Jiko hujengwa kwa kimo cha mpishi. Baba hapiki. Mama ni mrefu. Kwa hiyo hili jiko linamsubiri mwanamke mfupi.

Naona hata aibu kuandika. Lakini Mama amekaa huko wiki ngapi kwa mguu tu? Kwa nini akipiga simu siku hizi hataki tuonane, eti kamera imeharibika? Kwa nini Baba akiongea naye hufunga mlango? Watu wanaoachana hufunga milango.

Na Mjomba! Ndugu yake wa tumbo moja! Naye yumo.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwona.

Ni Mama Vigae. Anauza vigae pale dukani kona ya pili, mfupi, mnene kidogo, kicheko chake kinasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nimemkuta jikoni kwetu. Mimi nilikuwa uani, wao hawakuniona.

Kwanza alimkataza Baba vile vigae vinavyong'aa. Akasema ni urembo mtupu, vikilowa mtu anateleza. Achukue vyenye uso wa kukwaruza. Baba akatii. Mama akimwambia kitu huwa anabisha kwanza.

Halafu — hapa ndipo nilipokaribia kuangusha beseni — Baba akageuza ndoo, akaifuta kwa shati lake, akamwambia Mama Vigae akae mbele ya sinki. Naye akakaa! Kama malkia! Akanyoosha mkono akafungua bomba, akafunga, akafungua. "Hapa pamekaa sawa," akasema. "Ila hiyo swichi ishushe, baba. Ataitazama tu."

Nani ataitazama? Nikasogea dirishani. Mama Vigae akawa anamweleza Baba kwamba hata nyumbani kwake walivunja kila kitu, na kwamba mwanzo ni mgumu, machozi kila siku, lakini baadaye mnazoea — hapo Mjomba akawasha grenda chumba cha pili. Grenda! Sikusikia tena neno.

Machozi ya nani? Mnazoea nini?

Nilipoingia alinitazama kwa namna ya huruma, akanishika shavu. "Huyu ndiye mwenyewe? Jikaze, mwanangu, mtihani uko karibu." Mkono wake ulinukia sabuni. Nilitamani kumchukia vizuri zaidi kuliko nilivyoweza.

Alhamisi, 16 Mei

Shule: sikusikia hata nusu ya kipindi cha fizikia. Mwalimu akaniuliza kitovu cha uzito ni nini, nikasema "kaunta". Darasa likaangua kicheko. Nilitaka dawati linimeze.

Nyumbani: swichi zimeshushwa. Kamba ya kuanikia ndani ya chumba cha kufulia nayo imeshushwa, shuka likianikwa litafagia sakafu. Mashine mpya ya kufulia imekuja, ile inayofunguka kwa mbele. Ni nzuri. Sitaigusa.

Jioni Baba alikuwa chumbani kwake na simu, mlango umefungwa. Nilipita kwenda kuchukua taulo. (Si kweli. Nilisimama.) Alisema, "Hajui. Nimekuahidi, mpaka amalize mtihani." Akasikiliza. Halafu, "Wewe ndiye uliyetaka hivyo, mimi ningemwambia siku ile ile."

"Hajui" ni mimi.

Nilirudisha sahani ikiwa nusu. Baba akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, akasema "haya". Huenda hii ya kusema "haya" nimeirithi kwake.

Jumamosi, 18 Mei

Nimempigia Mama. Mimi mwenyewe, kutoka uani, huku wao wanapaka rangi.

Nilipanga kuanza taratibu. Badala yake yametoka yote kwa mkupuo: makabati ya juu yametolewa, Mama Vigae amekaa kwenye ndoo, Baba anafunga mlango, na Mama, kaunta ni fupi, ni fupi sana, si yako ile, kuna mtu wanamjengea!

Nikasikia redio ya Mama Mkubwa kwa mbali.

Halafu akacheka — kile kicheko chake cha puani. "Mama Vigae? Baba yako na Mama Vigae? Jamani, maskini baba yako!" Akacheka mpaka akakohoa. Nikaona haya. Nikaanza kucheka na mimi.

Alipotulia akauliza, kama mtu anayeuliza bei, "Fupi kiasi gani?"

"Inanifika pajani. Juu kidogo."

"Na chini yake? Magoti yanaingia?"

Nikamwambia sijajaribu. Kwani nani anaingiza magoti kwenye kaunta?

"Basi jaribu," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Ukishajaribu, usinipigie leo. Nipigie kesho, kipenzi. Leo sitaweza."

Akakata yeye kwanza. Mama hakati kwanza kamwe.

Jumapili, 19 Mei

Nilingoja mpaka jiko libaki tupu. Baba na Mjomba walikuwa mlango wa nyuma, wanachanganya saruji. Nikachukua kiti changu cha kusomea, nikakisogeza kwenye kaunta, nikakaa.

Magoti yakaingia.

Nikanyoosha mkono: bomba. Mkono mwingine: swichi. Nikasogea na kiti mpaka mlango wa kufulia, mlango mpana kuliko yote ndani ya nyumba hii, na hakuna kizingiti, kiti hakikukwama popote. Mashine inafunguka mbele, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Kamba iko juu kidogo tu ya kichwa chake. Kila nilichokiona kifupi wiki mbili hizi kilikuwa mahali pake.

Kama kiti kingekuwa na magurudumu.

Nilikaa hapo nikikumbuka zile biskuti mfukoni mwa Baba.

Nikatoka nje. Pale mlango wa nyuma, palipokuwa na ngazi zetu mbili, wamevunja. Wanamwaga mteremko. Mjomba aliponiona akasema anakwenda kutafuta ubao, ingawa ubao alikuwa ameushika. Akaondoka nao.

"Baba," nikasema. "Mama atapika amekaa?"

Baba akaendelea kulainisha kwa mwiko. Akapita mara moja, akapita tena mahali pale pale. "Ndiyo," akasema.

Tu. Ndiyo. Akanipa pimamaji, niweke juu ya mteremko. Hatukutazamana. Kiputo kikakimbilia juu na kubaki huko.

"Ni mkali," nikasema. "Mikono yake itachoka kabla hajafika mlangoni."

Akautazama. Halafu akaanza kuukwangua wote, saruji yote ya asubuhi nzima, aurefushe hadi karibu na ukuta wa uani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikasema naenda kuchukua futi ya kupimia.

Futi ninayo hapa. Naandika haya juu ya kaunta. Kwa mtu aliyekaa ni kimo kizuri sana, karatasi imetulia, viwiko havining'inii. Bomba halidondoshi.

Baba ananiita. Anasema niharakishe kabla saruji haijashika, nije nimwambie ukweli kama sasa mteremko umelala vizuri. Ukweli, amesema hivyo hivyo.

Naenda. Swali la kwanza lilishatoka. La pili ni fupi tu: atakaa hivyo mpaka lini? Shingo imeshaanza kuwaka. Naenda nayo hivyo hivyo.