Mstari Kwenye Nembo

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Wazima huko? Magoti yamepoa? Mimi mzima, ila kazi imenibana. Simu siku hizi huisikii, basi nakuandikia.

Ile nembo ya makumbusho ya sanaa imepita! Nimechora ukuta wa ukumbi: lile dirisha refu, na mstari wa mshazari unaoshuka kutoka pembe yake hadi sakafuni. Mkurugenzi alipouona alipiga makofi. Utakuwa kwenye tiketi, mifuko, mabango, kila mahali. Kuupata haikuwa taabu, nautazama kutwa. Meza yangu iko chini yake. Tunafungua tarehe 30. Mchoro huu hapa, waringie majirani.

Mwanao, Kitindamimba

9 Machi

Mama,

Marahaba. Magoti achana nayo.

Mchoro sijamwonyesha mtu. Huo mstari umeutunga, au upo ukutani? Kama upo, si urembo huo, ni ufa. Hamisha meza yako leo. Kisha chukua kipande chembamba cha kioo, kilaze juu ya ufa, kila ncha uishike kwa plasta. Kikikatika, ujue ukuta unatembea.

Naogopa, mama. Baba yako mdogo hakufa kwa homa kama tulivyokuambia. Ufa wa namna hiyo niliuziba mimi, nikapaka chokaa juu, maana msimamizi alitaka ukuta upendeze. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, ananisubiri tukale.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi hali.

Habari ya baba mdogo iliniliza. Ya kioo nilikuona unatia chumvi, nikakibandika ili utulie tu. Mkurugenzi akanitania, "Mzee wako anataka kutufutia nembo?" Leo asubuhi nimekikuta vipande viwili. Yeye anasema eti ni mlango unavyobamizwa! Mifuko elfu imeshachapwa, hataki kusikia neno.

Tarehe 25 wanakuja watoto wa shule arobaini kufanya mazoezi ya nyimbo za uzinduzi. Watasimama chini ya ukuta ule ule, wapigwe picha mstari ukionekana nyuma yao. Baba, wazo hilo lilikuwa langu. Nilijiona hodari kweli! Nikipiga kelele nafukuzwa, na kazi hii nimeitafuta miaka mitatu. Nifanyeje?

Mwanao

22 Machi

Mama,

Marahaba. Fukuzwa.

Barua nampa dereva wa basi, ikufikie kesho.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Mzima wewe? Mimi mzima, na watoto wote wazima. Niliwahesabu mara tatu.

Nilifunga ukumbi, funguo nikazitia kifuani, nikaketi mlangoni. Mkurugenzi aliniita kichaa mbele ya walimu. Akanifukuza hapohapo, nami sikubanduka. Mwalimu mmoja akasema basi, waimbe uani, yaishe. Wakaimba. Hawakuwa wamemaliza hata soda zao, Baba, ukuta ukalala ndani, wote. Sauti ile! Wewe umeishi nayo vipi miaka yote hii?

Mkurugenzi aliketi chini kwenye vumbi, mfuko wenye nembo yangu mkononi. Jana amenifuata nyumbani, anataka nirudi nimchoree nembo nyingine. Sijamjibu. Nikishika penseli mkono unagoma, na humu chumbani nimesogeza kitanda katikati, mbali na kuta zote.

Mwanao, Kitindamimba

31 Machi

Mama,

Marahaba, marahaba sana.

Barua yako nimemsomea mama yako mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuniacha nimalize. Kisha nimechukua fimbo, nimekwenda makaburini. Sijafika kule tangu tulipomzika mdogo wangu. Sikuwa na uso wa kumkabili. Nimeketi chini, nimemsomea na yeye, polepole, pale pa watoto nikaparudia.

Njoo nyumbani kwanza. Kitanda chako nimekiweka katikati ya chumba.

Baba yako