Udongo wa Mlangoni mwa Panya

Shinyanga, 2 Septemba 1951

Dada Bernadina,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo. Shemeji Valerian hajambo huko mgodini? Na binti yenu Nyamizi, aliyebeba jina la marehemu mama yetu, bado ananikumbuka?

Kazi niliyopata ni kuchunguza mashimo ya panya wa porini. Usicheke. Daktari anataka kujua viroboto wao wanapenda udongo gani. Tunaingiza kitambaa cheupe shimoni, tunakitoa, tunaangalia walionasa. Hapa kwenye luseni, mchanga huu mkavu, kinatoka kitupu. Lakini udongo ambao panya wanautupa mlangoni ungeutamani: laini, kama uliochekechwa. Wewe na sakafu zako, ungewaajiri!

Mdogo wako,
Selestine

Geita, 14 Oktoba 1951

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima wote. Nimecheka mpaka Valerian akauliza kuna nini. Misheni ilikusomesha uje kupiga hodi kwa panya!

Hata hivyo umenifaa. Nimekwenda ukingoni mwa mbuga, kule bondeni maji yanakotuama, baada ya mvua ya kwanza, nikazoa udongo wa milangoni mwao. Una unyevu wake, unashikana vizuri. Nimesiriba sakafu ya chumba cha Nyamizi, na kila asubuhi nainyunyizia maji. Alikanyaga kabla haijakauka. Unyayo wake uko kando ya mlango, nimeuacha. Mkeka hautaki tena. Anasema hiyo ni sakafu ya mjomba.

Dada yako,
Bernadina

Shinyanga, 25 Novemba 1951

Dada,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Tulikuwa porini, barua yako nimeikuta sasa hivi. Chimbueni sakafu hiyo yote, mkautupe udongo mbali!

Nilichokuandikia kilikuwa cha luseni. Baadaye tulihamia mbugani, na huko kitambaa kilitoka cheusi kwa viroboto. Udongo mkavu unawaua. Wenye unyevu unawalea. Na viroboto wa panya ndio wanaoleta tauni. Acha kunyunyiza maji. Mtoe Nyamizi chumbani humo. Akipata homa au akivimba mitoki, mkimbizeni hospitali. Nijibu upesi, dada, naogopa.

Mdogo wako,
Selestine

Shinyanga, 16 Desemba 1951

Dada,

Shikamoo. Basi la huko limekuja tena bila barua. Pantaleo, msimamizi wetu, ananiambia mvua imeharibu barabara, nami najifanya kumwamini. Niandikie tu "hajambo". Usiandike kingine.

Mdogo wako,
Selestine

Geita, 20 Januari 1952

Selestine,

Marahaba. Barua yako ya kutuonya ilifika tumeshaanua matanga.

Nyamizi alipopata homa nilidhani ni malaria. Nikamlaza palepale, kwenye ubaridi wa sakafu aliyoipenda. Mitoki ilipovimba tulimbeba hadi hospitali, lakini alikuwa ameshachoka. Jina la mama tumelizika mara ya pili.

Moyo wangu umevunjika, sina namna nyingine ya kusema. Najua hukujua. Mimi pia sikujua. Lakini usije kwanza, maana nikikuona nitakupiga kabla sijakukumbatia.

Sakafu tumeichimbua kama ulivyosema, ila pale kando ya mlango. Valerian aliinua jembe, nikamshika mkono. Umeandika kwamba udongo mkavu unawaua viroboto. Basi nauacha unyayo wake ukauke. Maji sinyunyizi tena, na nikitaka kulia natoka nje.

Dada yako,
Bernadina