Andazi la Komunyo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Agatha kaja na basi la asubuhi kutoka Mikumi. Shikamoo baba, shikamoo mama – halafu bomu. Majibu ya mtoto yametoka Morogoro. Daktari kasema utumbo wa Upendo na ngano hawaivi chungu kimoja. Chapati marufuku. Mkate marufuku. Tambi marufuku. Hata vumbi la unga! Kumbe ndiyo maana mjukuu wangu ana miaka tisa na mikono kama fito. Na sisi tulivyomnywesha dawa za minyoo, nadhani hata minyoo ya jirani imekufa.

Elizabeti kauliza, na maandazi? Agatha kamjibu, hasa maandazi, mama.

Mke wangu kanyamaza. Elizabeti akinyamaza, panya wanahama.

Maandazi yenyewe ni ya marehemu mama, tangu kijijini kwetu Munisagara. Yanaumuliwa kwa togwa, si hamira ya dukani. Iliki nyingi. Kwetu ukiugua unapewa andazi. Ukifaulu, andazi. Nilipovunjika mguu nilipewa andazi kwanza, hospitali baadaye. Na mtoto akipokea Komunyo ya Kwanza, mkubwa wa nyumba anamlisha andazi la moto mlangoni mwa kanisa. Upendo anapokea tarehe 22. Mkubwa wa nyumba ni mimi. (Elizabeti asisome hapa.)

Kabla ya kuondoka Agatha katoa neno: akiugua tena mikononi mwenu, namchukua. Nikamuuliza, we unashinda jikoni kwenye hoteli ya watalii, mtoto atashinda na nani? Kachukua mkoba, kaondoka. Huyu hatanii. Sijui kamrithi nani.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Unga wa mchele, togwa, iliki. Elizabeti kakanda, mimi nimesimamia. Yalipoingia kwenye mafuta yakatawanyika kama wanafunzi walioona mwalimu. Tumeopoa makombo kwa chujio.

Elizabeti kakasirika: mtoto ale vitumbua, vya mchele tangu mwanzo, kelele za nini!

Upendo kajibu polepole, "Bibi, vitumbua ni vya kila mtu. Andazi ni la kwetu."

Bibi yake kageukia ukuta. Moshi, kasema. Moshi gani, jiko la mkaa!

Jumanne, 10 Juni

Unga wa muhogo mtupu. Yameshikana, hayakutawanyika. Tatizo ni kwamba hayakuachiana tena. Nimetafuna moja toka saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Nimempa mbwa, kalizika.

Nashipai, anayetuuzia maziwa, kapita, kaona, kacheka. "Babu, sisi wafugaji ngano tumeijua juzi na tuko hai. Mpe mtoto maziwa." Nikamwambia, mpelekee na padri maziwa, ahubiri kwa kifupi. Elizabeti kanipiga na mwiko. Vizuri – mke wangu karudi.

Jumamosi, 14 Juni

YAMEKUBALI! Elizabeti kausonga unga wa mchele kwa maji ya moto kama ugali, kauacha upoe, katia muhogo kidogo, ndizi mbivu mbili zilizopondwa, na togwa ya mtama iliyolala. Yamevimba! Nimepasua moja – tupu ndani, kama la mama. Harufu ileile. Nilitoka nje kidogo. Nje nako kulikuwa na moshi.

Upendo kala matatu. Kacheza kamba uani, mtoto ambaye huwa anakaa tu kwenye mkeka.

Jumapili, 15 Juni

Kaanza jana magharibi. Tumbo ngoma. Katapika mpaka maji ya kijani. Leo hakuinuka. Elizabeti kakaa kitandani, kamshika miguu.

Tumekosea wapi? Togwa ya mtama. Mchele wa shamba letu, tumeutwanga wenyewe kwenye kinu kipya. Mafuta mapya. Nimezunguka jiko kama askari anayetafuta gongo.

Halafu nikakiona. Kibao cha kusukumia. Cha mama! Mninga ule, una nyufa, na kwenye nyufa kuna unga wa ngano tangu nikiwa sina ndevu. Nimechokoa kwa msumari, ukatoka mweupe.

Tunamlisha mtoto upendo wa bibi mzaa babu, na ndio unamuumiza.

Agatha kapiga simu. Nikasema anaendelea vizuri. Elizabeti kaninyang'anya simu, kasema ukweli. Agatha hakufoka, bora angefoka. Kasema anakuja Jumapili kwenye Komunyo, na mtoto akiwa na hali hiyo anaondoka naye siku hiyohiyo.

Jumatano, 18 Juni

Upendo kaamka juzi, kala uji. Nimenunua kibao kipya kwa fundi Vitalis. Cha mama nimekitundika ukutani sebuleni. Elizabeti kauliza, ndiyo picha sasa? Ndiyo. Kinafanana naye.

Jana tukakaanga tena. Kala moja. Tukamlinda usiku kama mahindi yanayolindwa nguruwe wasile. Leo asubuhi kaomba la pili!

Tumeshinda.

Ijumaa, 20 Juni

Hatujashinda. Mjinga mimi!

Upendo karudi kutoka mazoezi ya Komunyo. Kaingia, shikamoo babu, marahaba, kakaa. Kauliza, "Babu, eti hostia ni ngano?"

Nani kasema?

Katekista Simoni kawafundisha leo. Ngano safi na maji, basi. Masista ndio wanaoka.

Wiki ya tatu tunapigana na unga, tunachokoa nyufa kwa msumari – na hatukukumbuka mkate wenyewe wa sherehe! Wote wanne, Wakatoliki wa kubatizwa!

Elizabeti kasema Mwili wa Bwana haumdhuru mtoto. Kufikiri hivyo tu ni dhambi, baba Agatha, utaungua. Nikasema mimi nitaungua, yeye atatapika. Hakucheka.

Nikapendekeza asubiri mwakani. Upendo kaangalia gauni jeupe mlangoni, machozi yakamtoka bila sauti. Basi nikafunga mdomo.

Tukampigia Agatha, naye kauliza kwa padri mmoja wa Mikumi. Kajibiwa inaruhusiwa mtoto apewe kikombe tu, divai peke yake, na ni Komunyo kamili. Ila padri aambiwe mapema. Padri wetu Donati yuko vigangoni Mvumi, simu haipatikani. Anarudi Jumapili muda wa misa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwendea Simoni. Simoni ni Mnyamwezi, mtani wangu. Hapo ndipo balaa lilipo. Kwenye msiba wa mama yake nililala mbele ya jeneza, nikakataa lisipite mpaka niletewe soda. Pasaka kanifungia mbuzi wake mlangoni na barua ya posa.

Nikamwambia, Simoni, hostia itamuumiza mjukuu wangu, mwambie padri ampe kikombe tu. Kacheka mpaka kashika ukuta.

"Mzee Yeremia! Mwaka jana ulisema divai ya misa inakutuliza kiungulia, uongezewe. Mwaka huu unamtuma mtoto?"

"Sitanii, mtani."

"Hata kwenye jeneza ulisema hutanii!"

Nikapandisha sauti. Kacheka zaidi. Nikampigia magoti, mimi na magoti haya – kaita watu waje waone. Miaka yote nimewachekesha. Leo nimehitaji uso mmoja tu wa kuaminika, sina.

Jioni nimemwambia Upendo: ukifika mbele, sema Padri, naomba kikombe. Kasema, "Bibi anasema nikikataa hostia, Yesu atahuzunika." Nikasema Yesu alikuwa na bibi pia, anaelewa. Kafikiri. Hakuahidi.

Jumapili, 22 Juni

Naandika nikiwa benchi la nne. Elizabeti anadhani naandika nia za misa.

Padri kafika na vumbi la Mvumi hadi kwenye nyusi, moja kwa moja sakristia. Nimekimbilia mlangoni. Simoni kasimama pale na kanzu nyeupe. "Mtani, leo hapana." Kanisukuma kwa upole, anatabasamu.

Agatha yupo kushoto kwangu. Begi la mtoto liko miguuni pake.

Andazi liko mfuko wa koti, kwenye kitambaa. La moto. Linanichoma mbavu.

Wanapanga mstari. Upendo wa tano. Kajifunga kitambaa kichwani, shingo kama ya njiwa. Simoni kabeba kikombe pembeni ya padri.

Wa tatu. Elizabeti anasali kwa nguvu, namsikia mpaka meno.

Wa nne.

Yeye sasa. Padri kainua hostia. Mwili wa Kristo.

Hajasema Amina. Kafumba mdomo, mikono nyuma. Padri anasubiri. Mtoto wa nyuma anamsukuma.

Kanyoosha kidole. Kwenye kikombe.

Padri kainama, sikio mdomoni kwake. Upendo anasema maneno mengi, sio yale mafupi niliyomfundisha! Simoni kageuka, ananitafuta kwenye mabenchi. Kaniona. Hacheki.

Elizabeti anainuka aende mbele. Nimemshika kitenge. Agatha kamshika upande wa pili. Padri kanyanyua kichwa, anatutazama sisi watatu, hostia bado mkononi – kisha anairudisha sahanini, anapokea kikombe kwa Simoni.