Bisibisi ya Baba na Ujumbe Wako wa Sauti

Nyumbani kwa Baba,
S.L.P. 218.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Maswali,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Sisi tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kujikongoja, na utaona kwa nini nimeshika kalamu. Kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa.

Nianze na kazini. Mimi bado nipo chumba cha kufungashia nyuzi, ukuta mmoja tu na mitambo. Mwezi uliopita kiwanda kilileta vihisi vya kielektroniki, ndugu zao hivyo mnavyovipima huko kwenye kiwanda chenu cha simu. Ni vidude vidogo kama kizibo cha soda, vinabandikwa kwenye mota, na mota ikitetemeka vibaya au ikipata joto, injinia anapata habari kwenye simu yake. Watu wamevipa jina la kupe.

Baba hakuwapenda kupe hao hata kidogo. Si unamjua? Miaka thelathini na moja anapima mashine kwa bisibisi yake ndefu, ncha kwenye mota, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, macho kafumba. Ndiyo maana kiwandani wanamwita Daktari.

Basi Jumanne moja simu ya injinia ikasema mota ya nne inaharibika. Baba akaja na bisibisi, akasikiliza, akatamka mbele ya watu wote, "Hii nzima kabisa. Ikiwa mbovu, kesho sirudi hapa." Injinia ni binti mwenye adabu zake, hakubishana, lakini aliizima mashine na kuifungua. Beringi ilikuwa imesagika, gololi zimekatika vipande. Mdogo wangu, mota ile ilikuwa inalia! Hata mimi niliisikia kupitia ukutani, nikadhani mafundi wameshaijua.

Baba akaokota vile vipande, akavitia mfukoni, akaja hadi mlangoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi. Akaniambia kwa sauti ya juu, kama ananiita toka ng'ambo ya barabara: "Binti yangu, sisikii. Huu mwaka wa pili." Wenzangu wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Tulimpeleka hospitali. Wakasema kelele za mashine zimeyala masikio yote mawili taratibu, na kilichopotea hakirudi. Atapewa vifaa vya kuvaa masikioni, vimsaidie kidogo. Kumbe muda wote nyumbani alikuwa anatusoma midomo. Mimi na ujuaji wangu wote huu, nakula naye meza moja, na sikujua.

Sasa nije kwenye lako.

Tukiwa kwenye benchi la hospitali nilimwuliza, "Na ujumbe wa sauti wa mwanao ulikuwa unausikilizaje?" Alitoa simu, akabonyeza, akaisogeza sikioni ili nione. Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea hapo. Kihisi cha juu ya kioo kikigundua shavu lipo karibu, simu inazima kioo na kuihamishia sauti kwenye kile kispika kidogo cha sikioni. Kila alipokusogeza karibu akusikie, simu ilikuwa inakupunguza. Yeye akadhani ni wewe unaongea kinyonge, labda unaumwa, na akaogopa kuuliza.

Nikausikiliza ule wa Oktoba, uliotuma wiki mbili baada ya kumzika Mama. Dakika saba. Niwie radhi, haukuwa wangu. Unasema nauli ulikuwa nayo na ruhusa ulipewa, ila hukuja kuzika kwa kuwa uliogopa kumwona Mama amelala vile. Unauliza, "Baba, umenisamehe? Nijibu neno moja tu." Na chini yake lipo jibu la Baba la maandishi: "Sawa mwanangu, nimekusikia. Kazi njema."

Nililia pale pale, watu wakadhani tumefiwa. Hilo ndilo jibu alilokuwa akimpa kila mtu asiyemsikia, hata muuza maziwa. Na wewe baada ya hapo kimya, miezi minane, simu zetu hupokei. Mimi nikakusema vibaya kwa shangazi, eti umepata vyako umetusahau. Ulimi wangu huu unaujua. Nimekukosea, ndugu yangu, na shangazi nimeshamweleza ukweli.

Maneno yako nimemwandikia Baba yote kwa herufi kubwa, karatasi mbili. Aliyasoma mara tatu, akavua miwani, akasema, "Miezi minane mtoto ananingoja." Siku mbili hakula vizuri.

Kazini hawakumfukuza. Injinia alikuja mwenyewe hapa nyumbani kumwomba awaonyeshe mafundi mahali pa kubandika kupe, maana yeye ndiye anayejua kila mashine inapoanzia kuumwa. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Bisibisi ameitundika kwenye msumari jikoni, nami simsukumi.

Usipige simu kwa sasa. Andika, tena kwa wino mweusi, na acha mwandiko wako wa kuku. Shangazi anakusalimu sana, shemeji yako pia, na wanangu wawili wanauliza kama bado unakoroma. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akuondolee huo mzigo ulioubeba peke yako.

Ni mimi dada yako, mkali wa maneno, ninayekupenda kuliko nijuavyo kusema.

Nafasi hii ya chini nimemwachia Baba. Mwandiko ni wake.

Mwanangu, sikusikia. Ningesikia ningekujibu siku ile ile. Wewe uliogopa kumwona mama yako, mimi niliogopa kusema masikio yamekwisha. Sote wawili waoga. Nimekusamehe. Na wewe, umenisamehe? Nijibu neno moja tu.