Somo la Kuamua

Shuleni, bonde la Wainimala
12 Februari 2006

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope yanayokula viatu. Mimi mzima. Goti lako je? Na shangazi bado anakugombeza kwa ajili ya hicho kinywaji chako cha mizizi, kava?

Mwaka huu nimepewa kidato cha tano na somo jipya: kufanya maamuzi. Usicheke. Siku ya kwanza niliwauliza, "Mjomba anataka uache shule ukamlimie magimbi. Utafanyaje?" Macho chini, kama wamekaa mbele ya chifu. Mwisho kijana mmoja, Jeke, akasema, "Mwalimu, si utuambie tu jibu, tuandike?" Nikakataa, na wiki tatu nzima nimekuwa nikiwakatalia. Juzi Litia, binti mpole ambaye hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, akasimama: "Mimi siachi shule. Nitamwomba mjomba nimlimie Jumamosi." Darasa likalipuka kwa makofi. Nilitoka nje nikafuta macho.

Binti yako,
Kelera

*

Kisiwani Kadavu
5 Machi 2006

Kelera mwanangu,

Sijambo. Goti ndilo lenye kichwa kigumu kuliko mimi. Shangazi yako anasema daktari amekataza kava. Mimi nasema daktari hakuulizwa vizuri.

Barua yako nimewasomea wazee, wakacheka. Mosese akasema, "Mimi nina miaka sabini na bado naamuliwa na mke wangu, sembuse watoto!" Lakini nilijivuna, nisikufiche. Wewe mwenyewe uliondoka hapa kwa ubishi, na ukafika. Wafundishe. Ila polepole. Huko, kama huku, mtoto akikosea hulia ukoo mzima.

Baba yako

*

Shuleni
9 Mei 2006

Baba,

Naomba uwe mzima. Hali yangu usiiulize. Litia amekufa.

Ijumaa watoto wa bweni walikuwa wanakwenda makwao, na lori halikuja. Sita wakatembea hadi kivukoni, wakakuta mto umejaa. Mwenye duka akawaambia, "Nyie, rudini bweni." Lakini mama yake Litia alikuwa amelazwa hospitali huko mjini Suva, baba yuko naye, na wadogo zake wawili walikuwa peke yao nyumbani. Wakakaa barazani pa duka. Litia akatoa karatasi, akaandika kama nilivyomfundisha: jambo lenyewe, njia zilizopo, faida, hasara. Wanne wakarudi. Yeye akamwambia mwenye duka, "Nimeshapima, mzee. Nimeamua." Jeke akamfuata.

Juu milimani mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, wao hawakujua. Walipofika katikati ya mto, maji yakapanda ghafla. Jeke alishika mzizi, akaokoka. Litia alipatikana Jumapili.

Karatasi aliiacha kwenye benchi la duka. Nimeisoma kabla hawajampelekea baba yake. Imeandikwa vizuri, Baba. Ila katika kitabu cha somo kuna hatua moja kabla ya kuamua: andika usiyoyajua, na nani anayajua. Niliiruka. Kipindi kilikuwa kifupi, na mtihani hauiulizi.

Binti yako

*

Kadavu
17 Mei 2006

Mwanangu,

Nimesoma mara moja. Mara ya pili sikuweza.

Usiende kwao peke yako. Kuomba radhi kuna mlango wake. Jino la nyangumi la babu yako, lile la kuombea msamaha, ninalo, nakuja nalo kwa meli ya tarehe ishirini na nne. Nitasema mimi, wewe utakaa nyuma yangu, umeinamisha kichwa. Ningoje. Na ule, hata kama hutaki.

Baba yako

*

Shuleni
2 Juni 2006

Baba,

Nilishuka hadi bandarini kukupokea. Wakaniambia meli imeharibika huko huko Kadavu, haijulikani itatoka lini. Nilishindwa kungoja. Nikaenda kwao mikono mitupu.

Sakiusa, baba yake, hakunifukuza. Alinikaribisha mkekani, akaniletea chai. Mama yake Litia, aliyekwisha ruhusiwa hospitali, hakutoka ndani. Nilipoanza kuomba radhi, Sakiusa akaninyamazisha kwa mkono, akaingia chumbani, akarudi na ile karatasi.

"Mwalimu, mimi niliishia darasa la tatu. Hii, amepata?"

Nikaipokea karatasi, nikaisoma upya.

"Nauliza tu. Amepata au amekosa?"

"Amepata," nikasema.

Akaitazama tena. "Basi mbona hakufika?"

Kisha akanimiminia chai nyingine.

Jana nilisimama mlangoni mwa darasa. Wote wakainuka, wakabaki wima, wakinisubiri niseme "kaeni". Sikuweza kulitamka hata hilo. Nikageuka nikaondoka.

Usije, Baba. Goti lako halitaiweza njia hii.

Binti yako

*

Nyumbani kwa Mwalimu Sereana
21 Juni 2006

Kelera mwanangu,

Nimekuja. Nilifika Jumamosi, nikakuta nyumba yako imefungwa. Jirani yako Sereana anasema uliondoka na lori la magimbi siku kumi kabla, hukumuaga mtu, hukumwambia mtu uendako.

Nilikwenda kwa Sakiusa. Nikapiga magoti, nikalitoa jino, nikalitaja jina lako. Wakatazamana, nikadhani wamekataa. Ndipo Sakiusa akanyoosha mikono, akalipokea. Mama yake Litia akatoka, akaketi nasi. Akaniuliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia sijui.

Nimekaa hapa siku nne. Meli inaondoka kesho. Kwa binamu zako wa Suva nimeulizia, hawajakuona. Barua hii namwachia Sereana, sijui kwa matumaini gani.

Wamekusamehe, mwanangu, nami sina pa kuipeleka habari hiyo.

Baba yako