Rola ya Pasi Haiuzwi

Baba Mwihaki,

Chai iko kwa chupa, githeri iko kwa sufuria. Nimeenda Bungoma kupeleka vitambaa vya meza vya harusi ya Rosaline. Kuku wafungiwe kabla ya mvua.

Mashine ya pasi ~~usiiguse kabisa~~ iguse ukitaka, lakini nawa mikono kwanza.

Asubuhi ilipotoa vitambaa vikiwa na makunyanzi, ulisema, "Si hii iende tu kwa watu wa skrepa, iuzwe kama chuma." Niliumia bana. Mashine hii ndiyo imemsomesha Mwihaki mpaka kidato cha nne. Ulipoenda shambani niliivua rola ya mashine nguo yake ya juu, nikapata pamba ya ndani imelika yote, imebaki kama karatasi. Kumbe si uzee, ni kukosa godoro! Nikakata lile blanketi letu la pamba, nikalizungusha mara tatu bila mkunjo, nikavisha kitambaa kipya cha marekani juu na kukaza kamba. Vitambaa vyote kumi na viwili vilitoka vimenyooka kama maji ya bwawa.

Hasira imeisha. Lakini kama unataka kusema pole, nitashuka steji ya Kitale saa kumi na moja jioni, na mzigo wa sokoni nitakuwa nao; njoo unibebee.

Mama Mwihaki